Mwisho Usiolipiwa: Malalamiko ya Watazamaji wa Game of Thrones kama Uhakiki

Utangulizi

Madarasani mwetu kuna kauli iliyozoeleka: mtazamaji anayelalamika si mhakiki. Mhakiki, tunaambiwa, huchambua. Mlalamikaji hulia tu kwa kuwa shujaa wake kafa. Makala haya yanakusudia kuipinga kauli hiyo. Mfano tutakaoutumia unafahamika kwa vijana wengi wa rika letu, wawe wa Igoma, wa Kirumba au wa kokote kule ilikofika flashi. Ni sizoni ya nane na ya mwisho ya tamthilia ya Game of Thrones, iliyoonyeshwa kuanzia tarehe 14 Aprili hadi tarehe 19 Mei 2019.

Hoja yetu ni moja. Watazamaji hawakukasirika kwa sababu mwisho ulikuwa mchungu. Walikasirika kwa sababu mwisho ule haukulipiwa na yaliyotangulia, na hiyo ni hoja ya kihakiki kabisa, hata kama wengi walioitoa hawakuwahi kusikia neno "msuko" likitajwa darasani. Tutajaribu kuonyesha pia kwamba haraka ya watunzi haikuwaumiza wahusika wote sawasawa. Kuna walioumizwa zaidi, nao ndio waliofanana na sisi.

Kwa faida ya msomaji ambaye hakuitazama, tueleze kwa ufupi. Tamthilia hii ya kubuni ya falme na majoka ilianza Aprili 2011 katika kituo cha HBO cha Marekani, ikamalizika baada ya sizoni 8 na episodi 73. Watunzi wake wakuu wa televisheni, David Benioff na D. B. Weiss, waliitoa katika riwaya za George R. R. Martin, ambazo ya kwanza ilichapishwa 1996. Koo kadhaa zinagombea kiti kimoja cha enzi. Kaskazini, nyuma ya ukuta mkubwa wa barafu, Mfalme wa Usiku anakusanya jeshi la wafu. Ng'ambo ya bahari, binti aliyenyang'anywa ufalme wa baba yake, Daenerys, anakuza majoka matatu, anawakomboa watumwa na kujiandaa kurudi kwao. Hizo ndizo kamba tatu za kisa. Kazi ya sizoni ya mwisho ilikuwa kuzifunga pamoja.

Jinsi ilivyotufikia

Hatuwezi kuihakiki kazi bila kuangalia hadhira yake. Huku kwetu ni wachache walioitazama kwa king'amuzi siku ileile ilipotoka. Wengi tuliipata kwa njia ya kawaida: unakwenda na flashi yako kwenye kibanda cha muvi, unamwambia kaka mwenye kompyuta akuwekee sizoni nzima, unarudi nyumbani kuomba umeme usikatike. Wengine waliisubiri iliyotafsiriwa, kwa maana ya ile ambayo dijei anasimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Mtindo huo una historia yake nchini. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, ni mmoja wa waliouasisi enzi za kanda za video, na vibanda umiza vikaueneza.

Mtazamaji wa namna hii si mtu wa kupokea tu. Amezoea kuuliza. Katika kibanda umiza watu wanabishana na skrini, wanamuonya mhusika asiingie mlangoni, wanamsahihisha hata dijei akikosea jina. Ni hadhira ileile ya fanani wa jadi, ile inayoitikia "Hadithi njoo" na kisha kumbana msimulizi kila anapojaribu kuruka. Bibi akisema sungura katoka kisimani bila kueleza katokaje, mjukuu atauliza tu: katokaje? Hilo swali la mtoto ndilo mzizi wa uhakiki wa msuko.

Basi wakati huo nikiwa sekondari, tuliitazama sizoni ya nane nyumbani, ndugu na majirani, kwenye runinga ya chogo. Episodi ya tatu, ile ya vita vya usiku dhidi ya wafu, hatukuiona. Nasema hatukuiona kwa maana ya macho: skrini ilikuwa nyeusi ti, tunasikia panga na vilio, hatujui nani kafa. Kwa ajili ya episodi hiyo waigizaji walikesha usiku 55 wa kupiga picha. Hata Ulaya na Marekani watu walilalamika kwamba ni giza tupu, na mpiga picha wake mkuu, Fabian Wagner, akajitetea kwamba tatizo kubwa ni watu kutojua kurekebisha runinga zao. Sawa. Lakini nakala iliyobanwa ili itoshe kwenye flashi haina cha kurekebishwa. Msanii anayetengeneza giza kwa ajili ya skrini ya gharama amekwisha kuchagua hadhira, na si sisi aliotuchagua.

Hata hivyo giza hilo ni kosa dogo. Kosa kubwa lilionekana vizuri hata kwenye chogo.

Kipimo cha Rosa

Ili tusije tukaambiwa kwamba tunataka kila hadithi iishie harusini, tuchukue kipimo kutoka ziwani kwetu. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliandika Rosa Mistika (1971). Je, kuna mwisho mchungu kuliko ule? Msichana mwema, aliyelelewa kwa ukali wa kupindukia, anaharibikiwa na mwishowe anajiua. Msomaji anafunga kitabu kifua kimembana. Lakini sijawahi kusikia mwanafunzi yeyote akisema Kezilahabi katudanganya.

Kwa nini? Kwa sababu anguko la Rosa limelipiwa kidogo kidogo tangu kurasa za mwanzo. Tunamwona Zakaria, baba mlevi, akimpiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Tunaona woga ukijengeka ndani ya mtoto. Tunaona anavyotoka nyumbani bila kufundishwa namna ya kuutumia uhuru, na uhuru unavyomlevya. Kila hatua inaizaa hatua inayofuata. Na jambo la muhimu zaidi: mwandishi hamwachi Rosa. Tupo naye katika fikra zake mpaka saa ya mwisho. Tunaweza kumlaumu, tunaweza kumhurumia, ila hatuwezi kusema hatukumwelewa.

Hiki basi ndicho kipimo chetu: mwisho uwe mchungu utakavyo, lakini uwe mtoto wa mwanzo wake.

Daenerys na kengele

Sasa tumpime Daenerys. Katika episodi ya tano, The Bells, iliyoonyeshwa tarehe 12 Mei 2019, majeshi yake yanauzingira mji mkuu. Adui anasalimu amri. Kengele za mji zinalia kuashiria kwamba vita vimekwisha. Yeye, juu ya joka, anautazama mji, uso unabadilika, na ghafla anaanza kuuchoma: mitaa, akina mama, watoto, wote. Huyu ndiye yule ambaye watumwa waliokombolewa walimwita mama.

Tuwe wakweli. Wapo wanaodai kwamba badiliko hili halikuwa na dalili zozote. Si kweli. Katika sizoni ya nne aliamuru mabwana 163 wa watumwa wasulubiwe bila kuchagua mwenye hatia na asiye na hatia. Katika ya sita aliwateketeza kwa moto wakuu wa Dothraki. Katika ya saba aliwachoma baba na mwana wa ukoo wa Tarly kwa kukataa kupiga magoti. Baba yake alikuwa mfalme mwendawazimu aliyependa kuchoma watu. Mbegu ilikuwepo, tena nyingi.

Lakini mbegu si mti. Wote aliowaua kabla walikuwa wamemtendea jambo: walimiliki watumwa, walimteka, walimkaidi. Watu wa mji ule walikuwa hawajamtendea lolote. Kutoka kumwadhibu anayekupinga hadi kumchoma mtoto anayekimbia ni safari ndefu, na safari hiyo ndiyo tuliyotaka kuiona. Watunzi wakaifupisha katika episodi mbili tatu: anakufa rafiki yake Jorah, linakufa joka lake la pili, anauawa Missandei, anasalitiwa na Varys. Misiba inapangwa kama matofali kwenye lori, haraka haraka, ili ifike sehemu ya kuchoma.

Na kuna jambo la kifani ambalo wengi tulilihisi bila kulitaja. Tangu Daenerys aanze kuuchoma mji, episodi ile haimwonyeshi tena uso wake. Kamera inashuka mitaani, kwa Arya anayekimbia katika majivu. Joka linapita juu kama mvua ya mawe, lisilo na mtu mgongoni. Msimulizi amemwacha mhusika wake katika dakika ileile ambayo tulihitaji kuwa naye. Kezilahabi alibaki na Rosa. Benioff na Weiss walimkimbia Daenerys.

Katika nakala iliyotafsiriwa tuliyoipata, dijei alifika hapo akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa mkato kwamba dada amechanganyikiwa. Maskini, angesema nini zaidi? Tafsiri haiwezi kuongeza sababu ambayo kisa chenyewe hakina.

Wengine walioangushwa na haraka

Hakuwa peke yake. Jaime Lannister alianza kama mtu wa kuchukiwa: episodi ya kwanza tu anamsukuma mtoto dirishani. Kisha kwa miaka tunamwona anabadilika. Katika sizoni ya tatu anafichua kwamba alimuua mfalme wake ili kuuokoa mji mzima usiteketezwe. Katika ya nane anampa Brienne heshima ya ushujaa ambayo mwanamke hakuruhusiwa kuipata, na wengi tuliona hiyo ni episodi nzuri kuliko zote za sizoni hiyo. Baada ya hapo anarudi kwa Cersei na kutamka kwamba hajawahi kuwajali sana watu wasio na hatia. Sasa jamani, yule aliyeuokoa mji alikuwa nani? Mhusika anaweza kushindwa na tabia yake ya zamani, hilo ni jambo la kibinadamu. Ila hawezi kuongea kana kwamba hakumbuki maisha yake mwenyewe.

Mfalme wa Usiku naye. Tishio la wafu ndilo linalofungua tamthilia nzima mwaka 2011, kabla hata hatujaujua ukoo wowote. Tulingoja miaka minane. Akaja, akafa katika usiku mmoja, episodi ya tatu kati ya sita, kwa kisu cha Arya. Alitaka nini hasa? Kwa nini aje sasa? Hakuna aliyetuambia kwa kina, na baada ya hapo karibu hatajwi tena, kana kwamba alikuwa mgeni aliyekosea nyumba.

Halafu Bran. Katika episodi ya mwisho Tyrion anawashawishi wakuu kwamba anayefaa kuwa mfalme ni Bran kwa sababu hadithi ya maisha yake inazishinda za wengine. Hoja ni tamu kwa mwanafunzi wa fasihi: hadithi ndiyo inayowaunganisha watu! Ila watunzi walisahau kwamba Bran hakuonekana hata mara moja katika sizoni nzima ya tano. Hadithi bora kuliko zote ilikuwa inaweza kuachwa nje mwaka mzima bila kisa kuyumba. Hapo watazamaji walicheka, na kicheko chao kilikuwa uhakiki.

Chanzo cha yote haya kinahesabika kwa vidole. Sizoni sita za kwanza zilikuwa na episodi kumi kumi. Ya saba ikawa na saba, ya nane sita. Imeripotiwa mara nyingi kwamba HBO walikuwa tayari kugharimia zaidi, ila watunzi wenyewe waliona inatosha. Mwanzoni, safari ya mfalme kwenda kaskazini ilichukua majuma, na mazungumzo ya njiani ndiyo yaliyotufunza nani ni nani. Mwishoni, kunguru anabeba ujumbe na joka linafika kuokoa watu kana kwamba ni kutoka Igoma hadi Kisesa.

Hapa anafaa kukumbukwa mzee mwingine wa Ukerewe, Aniceti Kitereza. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Myombekere anataka kumrudisha mkewe kutoka kwa wakwe, nao wanamtoza pombe ya ndizi. Mwandishi mwenye haraka angesema "akapeleka pombe, akapewa mke". Kitereza anatupitisha katika kazi yenyewe, na wasaidizi wake, na jasho lake. Wapo wanafunzi wanaoona inachosha. Lakini Bugonoka anaporudi, tunajua thamani ya kurudi kwake, kwa sababu tumeshaibeba mitungi pamoja na mumewe. Muda katika hadithi si mapambo. Muda ndiyo malipo.

Haraka ina tabaka

Mpaka hapa tumezungumzia fani. Lakini fani haitengani na maudhui, na hapa ndipo malalamiko ya huku kwetu yalipokuwa na uzito wake wa pekee. Swali ni hili: watunzi walipobana muda, walimbana nani?

Missandei alikuwa mtumwa aliyekombolewa, mkalimani wa lugha nyingi, mwanamke mweusi pekee aliyekuwa na nafasi kubwa katika tamthilia ile. Katika episodi ya nne anatekwa nje ya skrini, bila sisi kuona ilivyokuwa. Anaonekana tena akiwa amefungwa minyororo, na anakatwa kichwa. Aliyetolewa utumwani anakufa katika minyororo, na kazi kubwa ya kifo chake ni kumtia hasira bibi yake. Hakupewa kifo chake mwenyewe. Alipewa kazi katika kisa cha mwingine.

Wadothraki, wapanda farasi wa nyikani, ndio wanaotangulizwa gizani katika vita dhidi ya wafu, panga zao zikiwaka moto. Tunaona mianga inazimika mmoja mmoja kwa mbali. Picha nzuri sana, bwana, hatukatai. Lakini hakuna hata mmoja tunayemjua jina anayekufa pale. Tena katika episodi ya mwisho wanaonekana wengi wakishangilia, kana kwamba hawakufa. Hata kuhesabiwa hawakuhesabiwa! Watu wa mji mkuu waliochomwa nao ni hivyo hivyo: vilio, majivu, mama na mtoto wasio na majina.

Kisha wakubwa wanakaa kumchagua mfalme. Samwell anapendekeza kwamba labda wananchi wote washirikishwe, na wakuu wanacheka. Kicheko kile kingeweza kuwa dhihaka kali dhidi ya utawala wa mabwana, kama kisa kingekaa nacho hata kidogo. Kisa kikapita. Mtu anayetazama Igoma hashindwi kuuliza: waliochomwa juzi, ndugu zao wako wapi kwenye kikao hiki?

Ndiyo maana tunasema haraka ina tabaka. Msimulizi akiishiwa muda hapunguzi kwa usawa. Anamlinda anayemwona mkubwa na kumfupisha anayemwona mdogo. Hakuna aliyekaa ofisini akasema "tuwaonee weusi na makabwela". Haikuhitajika. Inatosha kuharakisha, na mazoea yatamchagulia nani wa kuachwa.

Mapingamizi

Upo upande wa pili, nao unastahili kusikilizwa.

Kwanza, wapo wanaosema kwamba kazi ile ilisifiwa na wataalamu. Kweli: mwaka 2019 iliteuliwa kuwania tuzo za Emmy mara 32, ikashinda 12, ikiwemo ya tamthilia bora. Lakini tuzo nyingi kati ya hizo zilikwenda kwa ufundi, na ufundi hatuupingi. Muziki, mavazi, majoka yale, uigizaji wa Emilia Clarke akiwa na sura tu bila maneno, vyote vilikuwa vya hali ya juu. Nyumba inaweza kupakwa rangi nzuri na bado msingi ukawa umepasuka.

Pili, wanasema kosa ni la riwaya. Kitabu cha tano kilitoka 2011 na cha sita hakijatoka mpaka tunapoandika, hivyo watunzi wa televisheni walibaki bila ramani. Ni kweli walibaki bila kitabu, ingawa Martin alikuwa amewadokeza sehemu kuu za mwisho. Hilo linaeleza tu kilichotokea. Kujua unakofika bila kuijua njia ndiko kulikowaangusha: wahusika wakawa wanasukumwa kwenda mahali palipokwisha pangwa.

Tatu, na hili ndilo pingamizi zito, wapo wanaosema: maisha hayana msuko. Mtu anatoka asubuhi na harudi. Kwa nini tuidai sanaa sababu ambazo maisha yenyewe hayatupi?

Sisi wa Igoma hatuwezi kulijibu swali hili kwa wepesi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika Mwanza, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Wengi wao wamezikwa hapa Igoma, na makaburi yao tumekua tukiyaona. Waliokuwa wakingojewa bandarini hawakuwa na dalili yoyote ya mwisho wao. Je, huo si ushahidi kwamba mwisho huja bila kuandaliwa?

Lakini tutazame watu walifanya nini baada ya hapo. Waliuliza. Meli ilibeba wangapi? Nani aliruhusu? Na jibu likawepo: ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake. Hata msiba ule ulikuwa na chanzo chake, na waliobaki wakakidai kwa sababu binadamu hawezi kumzika mtu wake bila kuuliza "kwa nini". Maisha mara nyingi hayana mtu wa kumuuliza. Hadithi inaye. Mtunzi ndiye aliyepakia meli, ndiye aliyechagua wa kuzama, na hawezi kujitetea kwa kusema ajali haina kinga.

Nne, wapo wanaosema watazamaji walijivika madaraka yasiyo yao. Mwaka 2019 zaidi ya watu milioni moja na nusu walitia saini ombi la kutaka sizoni ya nane itungwe upya na waandishi wengine. Hapa sisi tunakubaliana na upande wa wasanii. Kazi ya sanaa haifanywi upya kwa kura. Ingekuwa hivyo, wasomaji waliochukizwa na Rosa Mistika, kitabu kilichowahi kupigwa marufuku mashuleni, wangemlazimisha Kezilahabi amfufue Rosa na kumwozesha, na leo tusingekuwa na riwaya ile.

Haki ya hadhira ni nyingine, na Wasukuma waliijua zamani. Katika mashindano ya ngoma kati ya Wagika na Wagalu, yale ambayo mpaka leo huchezwa wakati wa Bulabo kule Bujora, Kisesa, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja na uwanja wake. Anayeshinda ni yule anayevuta watu wengi zaidi. Mtazamaji haingii uwanjani kumnyang'anya manju fimbo. Anageuka tu, anakwenda upande wa pili. Na akiulizwa mbona umeondoka, anasema sababu. Kugeuka huko pamoja na sababu yake ndiyo haki yote ya hadhira, nayo inatosha. Manju mwenye akili huisikiliza.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba hasira ya watazamaji wa Game of Thrones ilikuwa na hoja ndani yake: wahusika walifikishwa mwisho ambao hawakuufuata wenyewe, msimulizi alimwacha Daenerys pale alipotakiwa kubaki naye, na gharama ya haraka wakabebeshwa zaidi wale wasio na majina. Hayo si malalamiko ya mtoto aliyenyimwa pipi.

Atauliza mtu: yote haya yatusaidie nini, mradi ni hadithi ya Wamarekani? Yatusaidie kwa sababu sasa ni zamu yetu. Wenzetu wanaandika tamthilia za televisheni, wengine wanatunga hadithi za "itaendelea" na kuzituma kwa simu kipande kwa kipande, na wapo wanaojaribu hadithi za majini na falme za kubuni kwa Kiswahili. Shaaban Robert aliwatangulia katika Adili na Nduguze: Adili anawachapa manyani wawili kila usiku, na adhabu hiyo inapofichuliwa kwa mfalme, tunasimuliwa sababu yake tangu mwanzo, hadi kila bakora inapata maana. Majini yamo, uchawi umo, lakini hakuna kilichotokea bure. Ubunifu wa ajabu haumsamehi mtu sababu, unamdai zaidi.

Kwa hiyo mtunzi anayeketi leo kuandika kipande cha kwanza ajiulize mapema kama anaweza kukilipa anachokopa. Akiona muda unamwishia, asimtazame kwanza mfalme wake. Amtazame mkalimani, mpanda farasi, mama wa mtaani. Kama hao bado wana majina na sababu zao mpaka ukurasa wa mwisho, basi hata akituua wote hatutamdai kitu.